Umenyoosha Bega, Lakini Dadu Hazikujui

Saa kumi na moja jioni, Asembo Bay, karibu na pale akina mama wanaanika omena. Binamu yangu amesimama mbele ya ubao mrefu uliotolewa kwa boti iliyokufa. Mwisho wa ubao amegundisha trei mbili za mayai. Mguu wa kulia mbele kidogo, bega limenyooka sambamba na ubao, kiwiko kimefungwa, dadu mbili za ludo zimeshikwa kwa ncha za vidole kama mtu anashika yai la kware. Anavuta pumzi. Mkono unaenda nyuma, unarudi mbele polepole, unaachia. Tak-tak. Halafu anaandika kitu kwa daftari.

Mama mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama huyu kijana ameumia mgongo.

Mgongo hauna shida. Anajifunza kurusha dadu "kwa kudhibiti," ndio siku moja aende kasino acheze krapsi. Alianza na video za bure, sasa anataka kununua kozi kamili kwa Telegram, 6,500. Kwa akiba yake ana 21,000, ya kubeba makreti na kupakia omena kwa magari ya usiku tangu Januari. Mpango ni huu: kozi 6,500, zinazobaki ndio mtaji wa kwenda kucheza.

Na sasa niwaambie kitu. Huyo muuza kozi alikuwa DM yangu wiki mbili kabla. Elfu nane kwa video tatu, plus asilimia kwa kila mtu ataingia kwa linki yangu. Kwa hivyo hii posti ndio video ya nne, ile hakulipia.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa wale hawaujui. Krapsi ni dadu mbili. Ukirusha mara ya kwanza upate 7 au 11, umeshinda. 2, 3 au 12, umechomeka. Ukipata namba nyingine, tuseme 8, hiyo inakuwa namba yako, na lazima uirudie kabla 7 haijatokea. 7 ikitokea kwanza, kwisha. Kwa hivyo adui mkubwa ni saba, na saba ndio namba inatoka sana: kati ya njia 36 za dadu mbili kuanguka, 6 zinaleta saba. Moja kwa sita.

Sasa nadharia ya hawa wasee wa kudhibiti dadu si ya kijinga, na sitaki kuidharau. Nyuso za dadu zinazotazamana kila mara zinajumlisha 7: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Ukiziweka dadu mkononi kwa mpangilio fulani, tatu mbili zikiwa juu na matone yake yanachora kama V, halafu uzirushe ziende zikizunguka kama magurudumu mawili ya baiskeli bila kuyumba kando, nyuso mbili za kila dadu zinabaki pembeni na hazitokei juu. Njia 36 zinakuwa 16. Ndani ya hizo 16, saba ni 2 tu. Moja kwa nane badala ya moja kwa sita. Hesabu hiyo iko sawa, nimeipiga mwenyewe kwa karatasi mara mbili.

Na kwa beti ya kawaida ya krapsi, kasino inakula kama shilingi 1 na senti 41 kwa kila mia. Hiyo ni kidogo sana. Kwa hivyo huhitaji kuwa mchawi, unahitaji kupunguza saba kidogo tu na unaanza kuwala wao. Hapo ndipo hii biashara inawashika watu wenye akili. Mjinga hanunui kozi ya mhimili na nyuzi za bega. Anayenunua ni yule alipata A ya fizikia.

Kwa hivyo swali linabaki moja. Je, mwili uliopangwa vizuri unaweza kufanya dadu zifike chini bila kuyumba?

Binamu yangu alinijibu na jina moja: Julius Yego. "Yego alijifunza mkuki YouTube, na watu walimcheka." Enyewe hapo alinibana. Jamaa wa Nandi akakaa akiangalia video za kina Železný na Thorkildsen, akajirekebisha mwenyewe, na mwaka wa 2015 kule Beijing akarusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Nyonga, bega, kiwiko, mguu wa kuzuia, hayo yote ni kweli. Mwili ukinyooka, mkuki unaenda.

Lakini angalia nini kinatokea baada ya mkono kuachia. Mkuki wa Yego unapaa hewani na hakuna kitu cha kuugusa mpaka uanguke. Kosa la bega ni kosa la mita, unaliona hapo hapo, unarekebisha. Chukua pool pia, pale senta. Wote tunamjua yule jamaa akiinama, kidevu kikikaa juu ya fimbo, mnajua mmelala njaa. Mpira ni duara. Ukigonga ukingo unarudi kwa njia inayoeleweka, ukikosea kidogo unakosea kidogo. Hata ajua, ile wazee wanacheza chini ya mti, hakuna bahati hata chembe, mzee anakuhesabia mashimo matatu mbele huku akiongea na wewe habari za ng'ombe.

Dadu si duara. Ina kona 8 na kingo 12. Ikigonga kwa kona au kwa ukingo, tofauti ni nywele moja, na hiyo nywele inaamua inaenda kushoto au kulia, inageuka mara moja au mara tatu. Na kasino hawakuacha hapo. Sheria ya meza ni lazima dadu zigonge ukuta wa mwisho, na ule ukuta umejaa piramidi ndogo za raba, kazi yake ni hiyo moja tu ya kuvuruga. Binamu yangu anajua, ndio maana ameweka trei za mayai. Nilimheshimu sana kwa hiyo. Wengi wanafanya mazoezi kwa kitanda.

Basi nikafanya kile najua kufanya. Nikaweka simu kwa stendi, fremu 240 kwa sekunde, nikamwambia arushe mara 50.

Maze, hewani ni kitu kizuri. Sijui kama mshaona dadu mbili zikitembea pamoja kama mapacha, zinazunguka nyuma kwa kasi moja, hakuna inayoitangulia nyingine. Zaidi ya nusu ya zile 50 zilikuwa hivyo. Huyu mtoto amefanya kazi. Kama kungekuwa na mashindano ya kurusha dadu hewani, ningemlipia nauli. Halafu zinagusa ubao. Moja inagusa nukta moja kabla ya ingine, na hapo mapacha wanaachana. Zikifika kwa trei ya mayai kila mmoja amesahau mwenzake kabisa. Nilirudia klipu zote polepole. Zile ambazo dadu zote mbili zilimaliza safari bila kuyumba, nilihesabu nne.

Aliangalia skrini muda mrefu. Kisha akasema ni ubao, hauna ile nguo ya meza. Pia dadu za ludo si sawa, ziko na kona za mviringo na mashimo yaliyochimbwa, za kasino zina kona kali, zinaonyesha ndani, na matone yamejazwa ili uzito uwe sawa kila upande. Yote ni kweli. Lakini sasa anafanyia mazoezi kifaa ambacho si chenyewe, kwa meza ambayo si yenyewe, ili mwili ukariri kitu ambacho hatakikuta huko. Yego alikuwa na mkuki.

Sasa daftari. Alikuwa na ushahidi, na huo ndio ulinitia wasiwasi kuliko video. Katika marusho 100 ya kwanza baada ya kurekebisha bega, alipata saba 11. Kawaida ungetarajia kama 17. "Unaona?" akaniambia, na nikaona ule mng'aro kwa macho. Ule mng'aro naujua.

Tatizo ni kwamba 11 si ajabu. Weka watu 13 warushe mara 100 kila mmoja, wakiwa wamelewa, wamefunga macho, bega limepinda kama ndoano, na mmoja wao hivi atapata saba 11 au chini. Yule mmoja ndiye atafungua chaneli ya Telegram. Wale 12 hutawasikia.

Kwa hivyo tukarusha tena. Yeye 300 kwa mbinu yake, mimi 300 kwa kikombe cha ludo, natikisa tu namwaga. Ilichukua jioni mbili, na kuna watoto walikuja kukaa hapo kama wanaangalia mechi. Kwa 300 unatarajia saba 50. Yeye alipata 52. Mimi 47. Na nisiwadanganye, hiyo 47 haimaanishi mimi ni bingwa wa kikombe, na 52 yake haimaanishi mbinu ni mbaya. Inamaanisha 300 ni chache. Hata kama mbinu yake ingekuwa kweli inapunguza saba mpaka moja kwa sita na nusu, ambayo ingetosha kabisa kuila kasino, angehitaji marusho zaidi ya 3,000 ndio mtu aseme kwa kujiamini kidogo kwamba si bahati. Nani ameziandika hizo 3,000? Muuza kozi hana daftari. Nilimwomba, akanitumia picha ya gari.

Kuna wazungu walijaribu kwa uzito. Mwaka wa 2004 Stanford Wong, mwandishi wa vitabu vya kamari anayeheshimika sana upande wa kuhesabu karata, alipiga dau kwamba warushaji wenye mbinu watapata saba chini ya 79.5 katika marusho 500. Kawaida ni kama 83. Walipata 74. Alishinda dau, na mpaka leo watu wanaibeba hiyo kama biblia. Lakini kwa bahati tupu, 74 au chini inatokea karibu mara 1 kwa kila majaribio 7. Ningekuwa na mechi ya odi kama hizo singeita muujiza.

Na rekodi ya dunia? Tarehe 23 Mei 2009, Atlantic City, mwanamke anaitwa Patricia Demauro alirusha dadu mara 154 bila kuchomeka, saa 4 na dakika 18. Alikuwa mgeni kwa mchezo huo, mara yake ya pili kuucheza. Hakuna kozi, hakuna mhimili, hakuna nyuzi za bega.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Mwaka wa 1967 msomi mmoja, James Henslin, aliandika juu ya madereva wa teksi wa St. Louis waliokuwa wanacheza krapsi. Aligundua kitu cha kuchekesha: wakitaka namba ndogo walikuwa wanarusha polepole, wakitaka namba kubwa wanarusha kwa nguvu. Cheka, lakini mimi nilikuwa dereva wa teksi wa St. Louis kwa kitanda changu cha hosteli mwaka wa 2023. Ule mchezo wa simu wa kitu kinachopaa, unajua nasema gani. Nilikuwa na mbinu ya kidole. Nashikilia simu kwa mkono wa kushoto, kidole gumba cha kulia kinakaa juu ya kitufe bila kugusa, nahesabu pumzi. Niliketi vile vile kila usiku, mgongo ukutani, kwa sababu usiku ule nilishinda 4,000 nilikuwa nimeketi hivyo. Nilikuwa na daftari pia. Karo ya semesta, 32,000, mamangu aliuza ng'ombe. Siku tisa.

Watu wanadhani anayepoteza hivyo ni mvivu anayetaka pesa rahisi. Mimi sijawahi kujituma kwa kitu kama nilivyojituma kwa kile kidole. Ndio maana nikimwona binamu yangu akinyoosha bega siwezi kumwambia "wacha ujinga." Si ujinga. Ni bidii. Tumefunzwa tangu nasari kwamba ukijituma utapata, sasa mtu anakuja anakuuzia mahali pa kujituma. Bahati tupu haiuziki sana kwa kijana aliyelelewa na watu wanaoamka saa nane usiku kuenda ziwani. Lazima uipake jasho kidogo. Uipe mkao, mshiko, mazoezi ya asubuhi na jioni. Ikishanuka kama kazi, tunanunua.

Na ukishaamini mkono wako, unaongeza dau. Hii ndiyo sehemu muuza kozi hasemi. Mtu asiyejiamini anabeti mia kwa ile beti ya senti 141 na anaenda nyumbani. Mwenye "mbinu" anaanza kuweka kwa zile beti za katikati ya meza. Ile ya kutabiri saba pekee, kwa mfano, kasino inakula zaidi ya shilingi 16 kwa kila mia.

Kuna utani mwingine ndani yake. Nilimuuliza hiyo kasino atafika lini. Nauli, nguo, kitambulisho, mtu wa kukaa kwake. Akanyamaza, halafu akasema ataanza na ya mtandaoni. Bro! Mtandaoni hakuna mkono! Kwa simu dadu ni programu, namba imeshachaguliwa kabla picha haijamaliza kuzunguka. Hata zile meza za laivu unaona mwanadada anatabasamu, dadu zinarushwa na mkono wa mashine. Miezi mitatu ya kurekebisha bega, ili ukabonyeze skrini.

Alicheka. Nilimshukuru Mungu kwa hicho kicheko.

Sasa sisi tunaotengeneza kontenti. Tarehe 29 Aprili 2025 bodi ya kamari, BCLB, ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na miongozo iliyofuata ikakataza watu maarufu na mainfluensa kuyafanya. Kuna wenzangu walilia sana kuhusu riziki. Sawa, naelewa, kodi ya nyumba haingoji. Lakini angalia vile mlango wa nyuma ulifunguka haraka. Hakuna anayetangaza kasino sasa. Wanatangaza "mafunzo." Mafunzo ya dadu, mafunzo ya kusoma odi, programu ya kutabiri ndege itaanguka lini. Kwa sheria utasema si kamari, ni elimu. Na mteja wao wa kwanza ni yule wa miaka 16, ambaye sheria inamkataza kubeti lakini hakuna anayemzuia kununua kozi. Mimi nimewahi kufanya posti moja ya kulipwa, 2024, kabla ya haya yote, na nimeitoa. Mtu akiuliza kwa komenti nitajibu, sitajificha.

Lakini sitawaambia niko safi. Elfu nane, nilifikiria siku mbili nzima. Stima ilikuwa imeisha, na lenzi ya simu ina ufa.

Binamu yangu hajaacha kurusha, na sikumwambia aache. Tuliketi na shangazi yetu, yule anashikilia pesa za chama, tukapatana hivi: zile 21,000 zinakaa kwake. Tunarusha mpaka tufike 3,400, yeye kwa bega lake, mimi kwa kikombe, watoto wale wanahesabu na kuandika kwa sababu hatuaminiani. Akimaliza na saba zake ziko moja kwa sita na nusu, nitamlipia kozi mwenyewe, na nitaposti hapa kwamba nilikosea. Kama sivyo, pesa zinaenda kwa ile sehemu yake ya injini ya boti, ile aliongea juu yake mwaka mzima kabla ya dadu kuja.

Jana tulifika 900. Mvua ikanyesha, trei za mayai zikalowa zikawa uji. Ameniambia nimletee zingine nikienda Kisumu, na kwamba kuanzia Jumamosi nirushe na mkono wa kushoto, eti kikombe kimenizoea.